Daraja, Si Njia ya Mkato

Mwaka 1974, katika eneo la Long Island City jijini New York, chuo cha LaGuardia kilifungua shule ya sekondari ndani ya majengo yake. Waliochaguliwa kuingia humo hawakuwa vipanga wa darasa. Walikuwa watoto waliokwisha kuanza kuporomoka, watoro na wenye alama duni, ambao washauri wa shule zao waliona dalili zote kwamba hawatamaliza. Aliyebuni mpango huo, profesa wa saikolojia Janet Lieberman, aliamini kwamba kijana wa namna hiyo akiachwa pale pale, mbele ya watu wale wale waliokwisha kumkatia tamaa, ataacha shule tu. Lakini akipita kila asubuhi lango moja na wanachuo, akila kwenye mkahawa wao, akikaa kwenye maktaba yao na kuruhusiwa kuchukua kozi zao siku anapokuwa tayari, ataanza kujiona mtu mwenye safari mbele yake. Shule hiyo iliitwa Middle College, na ni miongoni mwa mizizi ya jambo ambalo leo limekuwa kubwa kuliko alivyoweza kulitazamia mtu yeyote wa wakati ule.

Katika mwaka wa masomo wa 2022/23, karibu wanafunzi milioni 2.5 wa sekondari nchini Marekani walisoma angalau kozi moja ya chuo. Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Sekondari ya huko huchukua miaka 4, kuanzia darasa la 9 hadi la 12, na shahada ya kwanza huhitaji takriban krediti 120, kozi ya kawaida ikiwa na krediti 3. Shule na chuo vikitia saini makubaliano, mwanafunzi wa darasa la 11 anaweza kusoma, tuseme, kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza wa chuo, na kozi hiyo hiyo ikaandikwa mahali pawili: kwenye matokeo yake ya sekondari kama somo la Kiingereza, na kwenye kumbukumbu za chuo kama krediti 3 alizokwisha kuzichuma. Hapo ndipo ubia huu unapoachana na mfumo wa AP, uliozoeleka huko tangu miaka ya 1950. Katika AP mwanafunzi hufanya mtihani mmoja mwezi wa Mei, akapewa alama kati ya 1 na 5, kisha chuo atakachokwenda kikaamua kama kitaitambua au la. Katika ubia, kijana ameshasajiliwa chuoni, ana namba yake na mhadhiri wake, na alama anazopata ni za chuo kweli.

Wengi wanaosikia habari hii huielewa kama njia ya mkato. Mtoto mwerevu anaruka ngazi, mzazi anaokoa ada ya mwaka mmoja au miwili, serikali inapata wahitimu upesi. Faida hizo zipo, wala hakuna haja ya kuzibeza. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa kwa miaka zaidi ya 20 unaelekeza kwingine. Ubia huu huzaa sana pale unapojengwa kama daraja la kuwavusha wale ambao wangebaki ng'ambo, na huzaa kidogo, pengine hata kupanua pengo, pale unapoachwa uwe orodha ya kozi ambazo kila mtu anajichagulia kwa nguvu zake. Kasi ni tunda la pembeni. Anayeifuata kasi peke yake hulikosa tunda kubwa.

Ili kuona kwa nini, tukumbuke kwanza kwamba ukuta uliopo kati ya sekondari na chuo ulijengwa na watu, na watu wanaweza kuusogeza. Msomaji wa Afrika Mashariki ameliona hili nyumbani. Kenya ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kidato cha tano na cha sita vilipangiwa kufutwa, na shahada ya kwanza ya kawaida ikarefushwa kutoka miaka 3 hadi 4, wakati Tanzania na Uganda zilibaki na vidato hivyo. Matokeo yake, kijana wa miaka 19 anayekokotoa kalkulasi Tabora anaweza kuwa bado amevaa sare za shule, na mwenzake wa Nairobi anayekokotoa hesabu zile zile keshaitwa mwanachuo. Hesabu ni moja na umri ni mmoja. Kilichohama ni mpaka uliowekwa wizarani.

Marekani haikuhamisha mpaka kwa amri kama Kenya, na kwa muda mrefu taasisi za pande mbili za mpaka huo zilikuwa haziongei. Sekondari ilifundisha kwa kufuata mitihani ya jimbo. Chuo nacho kilikuwa na mtihani wake wa kuwapima wageni. Kijana alihitimu sekondari kwa shangwe, joho na picha za familia, kisha miezi mitatu baadaye akaambiwa kwamba Kiingereza na hesabu zake hazijafika kiwango cha chuo, arudie masomo ya msingi yasiyo na krediti lakini yenye ada. Katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili vinavyopokea watoto wengi wa wafanyakazi wa kawaida, wengi wa walioanza walipitishwa kwenye masomo hayo ya marudio, na sehemu kubwa yao hawakuyamaliza. Pengo hilo halikuwa kosa la mwanafunzi. Lilitokana na walimu wa pande mbili ambao hawajawahi kukaa meza moja na kukubaliana insha nzuri ni ipi. Hapa ndipo ubia unapogusa kidonda chenyewe, kwa sababu hauwezi kufanya kazi bila watu hao kukaa meza moja.

Historia ya jambo hili inaonyesha mizizi miwili tofauti. Mmoja ni ule wa LaGuardia, uliowatafuta waliokuwa wakipotea. Mwingine ni wa miaka michache kabla yake. Mwaka 1966, katika mji mdogo wa Great Barrington jimboni Massachusetts, mwalimu mkuu wa zamani wa shule ya wasichana, Elizabeth Blodgett Hall, alianzisha chuo cha Simon's Rock kwa ajili ya vijana waliokuwa wamemaliza darasa la 10 au la 11 tu na kuchoka kusubiri. Baadaye chuo hicho kiliungana na chuo cha Bard, na mwaka 2001 Bard ikashirikiana na mamlaka ya shule za umma za New York kufungua sekondari isiyolipisha ada, ambayo miaka 2 ya mwisho ni ya chuo. Katikati ya hapo, mwaka 1985, jimbo la Minnesota lilikuwa limepitisha sheria ya kumruhusu mwanafunzi wa sekondari kwenda kusoma chuoni kwa gharama ya serikali. Mwaka 2002 mfuko wa Bill na Melinda Gates ukaanza kutoa fedha za kujenga shule za namna hii sehemu nyingi za nchi, kwa sharti lililoegemea mzizi wa LaGuardia: zielekezwe kwa watoto wa familia maskini, wa jamii zilizobaguliwa, na wale ambao wazazi wao hawakupata kusoma chuo.

Tuitazame kwa karibu mojawapo ya shule hizo ili tuone daraja linajengwa kwa mbao gani. Jimboni North Carolina, ambako sasa ziko zaidi ya 120, shule ya aina hii kwa kawaida ni ndogo, ina wanafunzi wasiozidi 400, na hukaa ndani ya kampasi ya chuo cha jamii. Kozi ya chuo hukutana mara mbili au tatu kwa wiki. Siku ya kwanza mhadhiri hugawa karatasi kadhaa zenye mpango mzima wa muhula: vitabu, tarehe za insha, uzito wa kila jaribio, adhabu ya kuchelewesha kazi. Baada ya hapo hakumbushi mtu. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuishika karatasi ya namna hiyo, ni mtego usioonekana. Kwa hiyo saa zinazobaki, mwalimu wa sekondari hukaa naye kuisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari. Humwonyesha namna ya kunakili tarehe zote kwenye kalenda, namna ya kumwandikia mhadhiri barua pepe yenye adabu, na kwamba saa za ofisini zilizoandikwa pale juu ni mwaliko wa kwenda kuuliza, wala mhadhiri hatamwona msumbufu. Haya hayamo katika mtaala wowote wa historia au biolojia, ila ndiyo yanayoamua nani atabaki chuoni ikifika Novemba.

Je, yanaleta tofauti inayopimika? Kwa kawaida swali hili ni gumu, kwa sababu wanaojiunga na shule maalumu huwa tayari wana wazazi wanaofuatilia au wana ari kuliko wenzao. Lakini shule nyingi za aina hii zilipata waombaji kuliko nafasi, zikalazimika kupiga kura ya bahati nasibu. Kura hiyo iliwapa watafiti zawadi adimu: makundi mawili ya watoto walioomba wote, wenye ari ile ile, waliotenganishwa na bahati tu. Taasisi ya American Institutes for Research iliwafuatilia watoto walioshiriki bahati nasibu za shule 10. Katika ripoti ya mwaka 2013, waliopata nafasi na kuhitimu sekondari walikuwa asilimia 86, na waliokosa asilimia 81. Waliojiunga na chuo walikuwa 80 dhidi ya 71 kwa kila mia. Na kufikia mwisho wa utafiti huo, 22 kwa kila mia ya waliopata nafasi walikuwa wameshika shahada, nyingi zikiwa za miaka miwili zinazokaribiana na stashahada yetu, wakati wenzao walikuwa 2 tu. Huko North Carolina, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Julie Edmunds kiliwafuatilia wanafunzi wapatao 4,000 wa shule 19 kwa njia hiyo hiyo. Miaka 6 baada ya muda wa kumaliza darasa la 12, asilimia 44 ya waliopata nafasi walikuwa na cheti au shahada ya chuo, na waliokosa asilimia 33.

Mwenye shaka atasema takwimu hizo zinapendeza kwa sababu zimepimwa mapema. Aliyeanza mbio mapema lazima aonekane mbele, wengine watamfikia. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake si la upande mmoja. Watafiti wa American Institutes for Research waliporudi kuwatazama vijana wao miaka 6 baada ya muda wa kumaliza sekondari, tofauti katika shahada ya miaka miwili ilikuwa bado pana, takriban asilimia 29 dhidi ya 11. Katika shahada kamili ya miaka minne ilikuwa imesinyaa, asilimia 30 dhidi ya 25. Asiyetaka kujidanganya atasoma namba hizi kwa pande zote mbili. Daraja limewavusha wengi hadi kituo cha kwanza, na wachache zaidi hadi kituo cha pili. Kwa hiyo anayenadi ubia huu kama dawa ya kila kitu anauza zaidi ya anachokimiliki. Lakini watu 5 zaidi katika kila mia, waliopatikana kwa kura tu bila kuchujwa kwa akili, si jambo dogo katika elimu, ambako miradi mingi mikubwa huisha bila kuonyesha tofauti yoyote.

Pingamizi la pili linahusu kiwango. Kozi inayofundishwa na mwalimu wa sekondari, kwenye chumba cha sekondari, kwa watoto wa miaka 16, inawezaje kuitwa ya chuo? Shaka hii ni halali, na pale ubia ulipofanywa kwa haraka imethibitika kuwa kweli. Jibu liko katika masharti. Chuo Kikuu cha Syracuse, ambacho kimekuwa kikipeleka kozi zake sekondari tangu miaka ya 1970, huwafunza kwanza walimu hao katika idara zake, huwapa muhtasari ule ule wa kozi na huendelea kuwatembelea. Katika majimbo ya kati ya Marekani, chombo kinachothibitisha ubora wa vyuo kilishikilia kwa miaka kwamba anayefundisha kozi ya chuo awe na shahada ya uzamili, na kama uzamili wake ni wa fani nyingine, awe na krediti 18 za ngazi hiyo katika somo lenyewe. Sharti hilo lilizua kelele, kwani walimu wengi wazuri wa sekondari wana uzamili wa ualimu na si wa hesabu au fasihi. Lakini kelele hizo ndizo zilizosukuma vyuo na majimbo kuwasomesha walimu wao. Kiwango hushuka pale chuo kinapokodisha jina lake na kuondoka. Kinapobaki darasani, kiwango hubaki nacho.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, na wanaoupigia debe ubia huu hulipita haraka. Alama ya kozi ya chuo haifutiki. Kijana wa miaka 16 akianguka somo la sekondari, shule itampa njia ya kulirudia na dunia itasahau. Akianguka kozi ya chuo, ile F inaingia kwenye kumbukumbu za kudumu, itamfuata atakapoomba kuhamia chuo kingine, na inaweza kumgharimu msaada wa fedha wa serikali, ambao hutegemea maendeleo mazuri ya masomo. Kuwapeleka watoto wote mbio kwenye kozi za chuo bila kuwapima wala kuwashika mkono ni kuwakopesha deni wasilolijua. Ndiyo maana shule zilizofanikiwa huanza polepole: darasa la 9 kozi moja nyepesi, pengine ya ujuzi wa kusoma au sanaa, kisha mzigo ukaongezwa kadiri mabega yanavyokomaa. Shule ya Bard huwaanzisha wanafunzi wake kwa warsha ya siku kadhaa ya kuandika na kufikiri, kabla mtu hajapewa alama hata moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijazwa kwa pupa humwagika.

Yako pia mambo ya mfukoni. Krediti ni kama fedha: thamani yake iko kwa anayeipokea. Vyuo vikuu binafsi vingi hukataa krediti zilizochumwa sekondari, na vingine huzipokea kama masomo ya hiari yasiyopunguza hata muhula mmoja. North Carolina ilikuwa na bahati ya kuwa na mkataba wa mwaka 1997 kati ya vyuo vyake vya jamii, ambavyo sasa ni 58, na vyuo vikuu vyake vya umma, unaosema wazi kozi ipi itahesabiwa wapi. Pasipokuwa na mkataba wa namna hiyo, familia hununua tiketi ya treni isiyojulikana inaishia kituo gani. Na kununua si neno la mafumbo hapa, kwa maana Minnesota serikali hulipa, lakini kwingineko mzazi hutoa ada na vitabu mwenyewe, na mara moja watoto wa maskini hutoka kwenye foleni. Hapo ndipo kozi za kujichagulia zinapopanua pengo: wanaozichukua zaidi ni wale ambao wazazi wao walijua kuziulizia, na wanafunzi weusi na wa familia maskini hubaki wachache kuliko idadi yao shuleni. Shule kamili ya daraja ina gharama zake, lakini hazitishi. Watafiti wa American Institutes for Research waliotajwa hapo juu walizikadiria kuwa takriban dola 950 zaidi kwa mwanafunzi kwa mwaka, na faida ya baadaye, kwa kipato na kodi, kuwa kama mara 15 ya gharama hiyo.

Kwa wasomaji wa Kiswahili jambo hili lina sura mbili. Ya kwanza ni ya walioko huko huko. Familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili zimepewa makazi Texas, Kentucky, North Carolina na kwingineko, na watoto wao ndio hasa wale ambao ubia huu ulibuniwa kwa ajili yao: wazazi wenye ari kubwa ya elimu, wasiojua mlango uko wapi. Mzazi wa namna hiyo asiridhike kuambiwa kwamba shule "ina kozi za chuo". Aulize nani analipa, krediti zinapokelewa na chuo kipi, na mtoto akianza kuzama nani atamwona kabla muhula haujaisha. Sura ya pili ni ya nyumbani. Tanzania na Uganda zinaweza kusema kwamba kidato cha tano na cha sita tayari ni elimu ya juu iliyovaa sare, na kwa mada za masomo zitakuwa hazijakosea sana. Lakini kazi ya vidato hivyo hailetwi chuoni kama krediti. Huishia kwenye mtihani mmoja unaochuja nani aingie, na mwalimu wa kidato cha sita na mhadhiri wa mwaka wa kwanza hawalazimiki kukutana hata siku moja. Kinachofaa kuazimwa kutoka Marekani, kama kuna cha kuazimwa, ni mkutano huo wa walimu, kabla ya kuazima kozi zenyewe.

Tukirudi kwenye bahati nasibu, tuwatazame waliokosa. Utafiti uliwahitaji ili kupata cha kulinganisha, na ripoti huwataja kwa tarakimu moja kisha zikaendelea. Waliomba shule ile ile, wakajaza fomu ile ile, na kwa wastani walikuwa sawa na wenzao kwa alama, rangi na kipato cha nyumbani. Wakarudi shule za kawaida, na muda wa kuhesabu ulipofika, 2 kati ya 100 walikuwa na shahada mkononi. Asemaye kwamba kozi za chuo si za kila mtoto awaeleze hao kwa nini zilikuwa za jirani yao, ambaye hakuwazidi kitu isipokuwa jina lake kutoka kwenye kura.